Bunduki Hufuata Risasi

Jinsi vizuizi vya uingizaji wa risasi vinavyoamua kaliba ya bunduki

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni mahali ambapo silaha za zama mbalimbali hukutana. Katika bonde la Yaeda Wahadzabe huwinda kwa upinde na mishale. Katika nyanda zinazouzunguka mlima Hanang Wadatoga huchunga ng'ombe wao mikuki ikiwa mikononi. Mkulima wa mahindi anayekesha kwa sababu ya nguruwe na nyani hulijua gobori, silaha ambayo imeenea katika vijiji vingi vya nchi yetu. Na tembo wanapoingia mashambani, askari wa wanyamapori anayeitwa hufika na raifali, ambayo mara nyingi ni ya kaliba .375 au .458.

Ni kawaida kudhani kwamba tofauti hizi hutokana na mila au na uwezo wa mfuko tu. Mila na fedha zina nafasi yake, lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni risasi. Bunduki hununuliwa mara moja na ikitunzwa vizuri huweza kurithiwa na mjukuu, lakini risasi huisha kila inapopigwa. Kwa hiyo mwenye kudhibiti njia ya risasi bandarini na mpakani ndiye anayeamua, hata bila kukusudia, ni bunduki ya aina gani itakayofanya kazi kijijini. Historia ya nchi yetu katika miaka 130 iliyopita imejaa ushahidi wa jambo hili.

Namba na maana yake

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu. Waingereza na Wamarekani huitaja kwa sehemu za inchi, na watu wa bara la Ulaya kwa milimita. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, kaliba .375 ni sawa na milimita 9.5 hivi.

Hata hivyo kaliba peke yake haitoshi kuitambulisha risasi. Risasi kamili ina sehemu nne: kichwa, ambacho ndicho kinachoruka, baruti, inayotoa nguvu, fataki, inayowasha baruti, na ganda, linaloshika vyote hivyo. Ganda hilo halina budi kukaa sawasawa katika chemba ya bunduki. Bunduki mbili zenye kaliba moja huweza kuwa na chemba za urefu na unene tofauti, na risasi ya hii isiingie katika ile.

Zaidi ya hayo, namba ya kaliba aghalabu ni jina la biashara kuliko kipimo halisi. Risasi iitwayo .303, iliyotumiwa na majeshi ya Kiingereza, ina kichwa chenye kipenyo cha inchi .311. Ile iitwayo .404 ina kichwa cha inchi .423. Risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92 ilikuwa na kichwa cha milimita 8.08 hapo mwanzo, lakini kati ya miaka 1903 na 1905 jeshi la Ujerumani lilipoanzisha risasi yenye ncha kali, kipenyo kikaongezwa hadi milimita 8.2 hivi. Risasi hiyo mpya huingia bila shida katika chemba nyingi za bunduki za zamani, na hapo ndipo penye hatari: kichwa kinene kikilazimishwa kupita katika mtutu mwembamba, msukumo wa gesi hupanda kupita kiasi na bunduki huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambako bunduki kuukuu hupita toka mkono hadi mkono, tofauti hii ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni jambo la uhai na mauti.

Mkataba wa Brussels na maisha marefu ya gobori

Katika karne ya 19 bunduki zilimiminika Afrika Mashariki kupitia Zanzibar na bandari za mrima, zikifuatana na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha zao, bunduki za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo katika masoko ya Afrika.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, yalitia saini Mkataba wa Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini sehemu kubwa ya mkataba ilihusu silaha. Ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa, baruti na risasi zake katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Mbulu na Hanang, zilizo karibu na nyuzi 4 kusini, zilikuwa ndani kabisa ya eneo hilo.

Marufuku hiyo iliacha mlango mmoja wazi. Bunduki za gumegume, zisizo na mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Raifali zilibaki kwa majeshi ya serikali na kwa watu wachache walioaminiwa nayo. Hivyo mkataba haukuondoa silaha mikononi mwa Waafrika, bali ulichagua aina ya silaha watakayokuwa nayo.

Sababu ya kitaalamu ya uchaguzi huo ni rahisi kuielewa. Raifali hula risasi iliyotengenezwa kiwandani kwa vipimo kamili, na fundi wa kijijini hawezi kuiiga. Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na tumbo lake halichagui chakula: hupokea gololi ya risasi, marisau au hata vipande vya chuma. Kwa maneno mengine, gobori halina kaliba kwa maana ya raifali. Mahali ambapo njia ya risasi imefungwa, silaha isiyohitaji risasi maalumu ndiyo inayodumu. Hii ndiyo sababu kubwa ya gobori kuishi nchini zaidi ya karne moja baada ya majeshi ya dunia kulitupa.

Udumifu huo una gharama yake. Gobori halilengi mbali, huchelewa kushindiliwa upya, na hujeruhi mnyama mara nyingi bila kumwua. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba lisilokusudiwa kazi hiyo huweza kupasuka. Nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari zaidi.

Upinde wa Mhadzabe unaonyesha ukweli huohuo kutoka upande mwingine. Upinde hukatwa porini, na sumu ya mishale, iitwayo panjube kwa Kihadza, hupatikana katika utomvu wa mti unaoota hukohuko. Kitu kikubwa kinachotoka nje ni chuma cha ncha, ambacho aghalabu ni msumari uliofuliwa, au kazi ya mfua chuma wa Kidatoga. Silaha ambayo mahitaji yake karibu yote yako porini haitikiswi na amri ya forodha.

Vita vilivyobadilisha bunduki za jeshi zima

Kizuizi kikali kuliko vyote katika historia ya nchi hii hakikuwa sheria, bali manowari. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, za kaliba ya milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Ni sehemu tu ya jeshi iliyokuwa na raifali mpya za milimita 7.92.

Wanamaji wa Kiingereza walifunga pwani, na tangu hapo Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck hakuweza kuchagua bunduki kwa ubora wake. Novemba 1914, baada ya mapigano ya Tanga, jeshi lake liliokota mamia ya bunduki za Kiingereza pamoja na shehena kubwa ya risasi zake za .303, na baadhi ya vikosi vikabadilishiwa silaha. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya na kufika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na raifali na risasi za Kijerumani. Meli ilishambuliwa na kuzama katika maji mafupi. Mzigo mwingi uliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, ikabidi zikaushwe na kushughulikiwa upya kwa kazi kubwa, na hata hivyo nyingi hazikuaminika tena. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, kusini.

Mwezi uliofuata vita viliingia katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Manyara. Majeshi ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka Arusha kupitia Lolkisale na Ufiome, mashariki ya mlima Hanang, hadi Kondoa. Kuanzia hapo jeshi la Wajerumani lilirudi nyuma kuelekea kusini, na akiba yake ya risasi za milimita 7.92 ikazidi kupungua. Tarehe 25 Novemba 1917 lilivuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Hapo askari waliziacha bunduki zao za Kijerumani na kuchukua za Kireno, si kwa sababu zilikuwa bora, bali kwa sababu risasi zake zilikuwepo. Baadaye zikafuata za Kiingereza.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo lilisalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Hapakuwa na raifali ya kisasa ya Kijerumani hata moja. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limemaliza vita kwa kaliba za maadui zake.

Namba iliyokatazwa na namba iliyozaliwa

Watunga sheria wa nchi nyingine walijaribu kudhibiti silaha kwa kukataza kaliba fulani. Mfano mashuhuri ni wa Uhindi. Waingereza waliogopa kwamba risasi za .450 zingefika mikononi mwa waasi waliokuwa na bunduki kuukuu za jeshi aina ya Martini-Henry. Mwaka 1907 uingizaji wa kaliba hiyo ulipigwa marufuku katika Uhindi na Sudan.

Wawindaji wa tembo na nyati walikuwa wakiitegemea .450. Viwanda vya London na Birmingham havikufunga milango, bali vilibadilisha namba. Katika muda mfupi zilijaa sokoni .465, .470, .475 na .476. Risasi ya .450 ilirusha kichwa cha gramu 31 kwa mwendo wa mita 655 hivi kwa sekunde, na ile ya .470 kichwa cha gramu 32 kwa mwendo uleule. Tofauti ya vipenyo vya vichwa vyake haifiki nusu milimita. Mnyama hakuweza kuitambua tofauti hiyo, lakini afisa wa forodha aliitambua. Baadaye .470 ikaenea Afrika Mashariki na kuwa mojawapo ya kaliba zinazopendwa zaidi na wawindaji wa kulipwa, ijapokuwa marufuku iliyochochea kuenea kwake haikuwahusu wao.

Uhindi wenyewe bado una alama ya sera ile. Kwa kuwa raia hawakuruhusiwa kaliba ya jeshi, kiwanda cha serikali huko Ishapore kilitengeneza kwa ajili yao raifali ya .315, kaliba ambayo haikutumiwa na jeshi la nchi hiyo. Ufaransa nayo iliwazuilia raia kaliba za kivita kwa miaka mingi, hadi sheria mpya ilipoanza kutumika Septemba 2013.

Mifano hii yafundisha kwamba sheria inayokataza namba huzaa namba nyingine. Hatari ya silaha kwa jamii haimo katika upana wa tundu lake. Imo zaidi katika namna inavyofanya kazi, kwa mfano kupiga mfululizo, na katika mtu anayeishika. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, haikuwakataza raia kaliba. Iliwakataza bunduki za kupiga mfululizo na zile zinazojishindilia zenyewe.

Kikomo cha .375

Namba hutumika pia kwa njia nyingine, yaani kuweka kikomo cha chini. Utaratibu wa uwindaji nchini Tanzania, kama ulivyokuwa wa Kenya kabla uwindaji haujapigwa marufuku huko mwaka 1977, unaitambua kaliba .375 kuwa kikomo hicho kwa wanyama wakubwa wa hatari. Nia yake ni njema: kumlinda mwindaji, na kumwepusha mnyama na mateso ya jeraha lisiloua.

Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alibuni risasi ya milimita 9.3, iliyotoshea katika mashine ya kawaida ya Mauser. Bunduki yake ilikuwa ya bei nafuu, ikapendwa na walowezi wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Kichwa cha gramu 18.5 hutoka na nguvu ya jouli 4,800 hivi. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotokea mwaka 1912, hutoa jouli 5,700 hivi. Risasi ya kivita ya .303 hutoa kama jouli 3,100 tu. Kwa hiyo 9.3 iko karibu zaidi na .375 kuliko na .303, lakini kwa upungufu wa robo ya milimita huangukia upande wa pili wa mstari. Mwenye kuichagua hana budi kujua kwamba bunduki inayotosha kwa sayansi huenda isitoshe kwa sheria.

Kiwanda kikinyamaza

Si lazima serikali ipige marufuku ndipo njia ya risasi ifungwe. Kwa muda mrefu idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya ziliwapa askari wao raifali za .404, zilizosifiwa kwa utulivu na nguvu. Risasi zake, pamoja na zile za .470 na ndugu zake, zilitengenezwa zaidi na kiwanda cha Kynoch cha Uingereza. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikielekea mwisho, kiwanda hicho kiliacha kuzitengeneza. Bunduki zilizogharimu fedha nyingi zikawa mapambo ya ukutani.

Kaliba mbili zilisalimika: .375, iliyokuwa ikitengenezwa na viwanda vya nchi kadhaa, na .458, iliyoanzishwa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1956. Risasi zake zilikuwa na njia zaidi ya moja ya kufika bandarini. Ingawa risasi za .404 na .470 zilianza kutengenezwa tena baadaye kwa uchache, nafasi yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Uchaguzi wa leo

Tanzania inasimamia silaha za raia kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Silaha humilikiwa kwa leseni, na risasi haziingizwi nchini bila kibali. Shirika la Mzinga huko Morogoro lilianzishwa katika miaka ya 1970, lakini risasi za uwindaji kama .375 hutegemea zaidi viwanda vya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Kila kasha moja lazima lipate kibali, fedha za kigeni, meli, na muuzaji mwenye leseni, kabla halijapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mbulu.

Katika mazingira hayo, anayechagua raifali hana budi kuuliza maswali manne kwa mpangilio huu. La kwanza, je, sheria yairuhusu kaliba hiyo kwa kazi iliyokusudiwa? La pili, je, risasi zake zinauzwa nchini, na zimekuwa zikiuzwa kwa miaka kadhaa mfululizo? La tatu, je, zinatengenezwa na zaidi ya kiwanda kimoja, katika zaidi ya nchi moja? La nne ndilo la nguvu, mwendo na bei. Wengi huanza na la nne, na hununua bunduki nzuri ambayo baada ya miaka miwili inakosa chakula.

Kwa vikosi vinavyolinda wanyamapori na mashamba, lipo jambo la tano. Wilaya yenye bunduki kumi za kaliba moja ina nguvu kuliko wilaya yenye bunduki kumi za kaliba tano. Risasi za kituo kimoja huweza kuazimwa na kingine usiku tembo wanapoingia mashambani, na uwezekano wa askari kuingiza risasi isiyohusika katika chemba hupungua. Ghala lenye risasi za aina nyingi zilizobaki kidogo kidogo ni ghala tupu kwa hesabu ya kazi, hata kama rafu zake zimejaa.

Ama kwa watunga kanuni, historia hii inataka mizani. Mlango ulio wazi mno huingiza silaha za ujambazi, na majangili yamekwisha kuonyesha madhara yake. Lakini mlango uliofungwa mno hauondoi haja ya mkulima kulinda mahindi yake. Humrudisha tu kwenye gobori, silaha isiyoorodheshwa kwa urahisi, isiyolenga sawasawa na inayojeruhi kuliko kuua. Kati ya milango hiyo miwili uko ule wenye manufaa: kaliba chache zinazojulikana, risasi zenye hesabu kutoka bandarini hadi kijijini, na askari wa kutosha wenye risasi za kutosha karibu na mashamba, ili mkulima asilazimike kushika silaha yoyote.